Saa arobaini za pampu: kisa cha matete ya shangazi, Kalenga

Mwezi wa nane shangazi alinipigia simu akitaka kujua springila nzuri, ile inayorusha maji kama mvua, ya kumwagilia matete anayowalisha ng'ombe wake wa maziwa, inauzwaje. Hakuniuliza kama anaihitaji. Hilo alikuwa ameshalimaliza na muuzaji mmoja aliyemwambia kwamba kumwagilia kwa mtaro ni mambo ya zamani, na kwamba akifunga springila maji yatapungua nusu. Nikamwomba anipe Jumamosi moja tu kabla hajatoa pesa. Nilisomea umwagiliaji pale chuo cha kilimo Igurusi, nikafanya kazi Mbarali kwenye mpunga, na katika ukoo wetu hilo linatosha kukufanya uitwe kila bomba linapopasuka.

Nakiandika kisa hiki pamoja na hesabu zake, hata zile zilizoniumbua, kwa sababu wafugaji wengi wa bondeni huku Iringa wako katika hali ileile: pampu inanguruma kutwa, majani bado ya manjano, na lawama zinatupiwa jua. Majina nimeyaacha. Shangazi amekubali habari za matete yake ziandikwe, za kwake mwenyewe hapana.

Nilifika saa moja na nusu asubuhi, umande haujakauka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Springila ziko kwenye gari?"

Nilikuja na kipande cha nondo ya milimita 10, ncha imenolewa na fundi wa kuchomelea, juu kimewekewa mpini wa msalaba. Akakitazama, akamtazama kijana wake wa kukamua, wakacheka wote wawili.

Shamba liko bonde la Ruaha Mdogo, mbele kidogo ya Kalenga, ile Kalenga ya Mkwawa. Lilianza kama kinyungu cha bibi, kibustani cha bondeni cha mahindi mabichi na maharage ya kiangazi. Shangazi alikuja kulipanda lote matete, ekari 2, kwa kuwa ana ng'ombe 6 wanaokamuliwa na mitamba 3, chotara wa Friesian, wote wanalishwa bandani. Mvua za huku huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Baada ya hapo ni upepo na vumbi. Msomaji wa Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, anaweza kushangaa mtu kuyamwagilia matete. Wa Makete naye atasema shida yake mwezi wa sita ni sakitu inayoyaunguza majani usiku mmoja, na maji hayamsaidii kitu. Basi kisa hiki ni cha bonde kavu.

Nilianza na daftari lake, kabla ya kushika nondo. Shangazi anaandika kila kitu. Ng'ombe 6 kwa wastani wa lita 9 kila mmoja ni lita 54 kwa siku. Kwa shilingi 1,000 lita, wiki inaingiza 378,000. Ukurasa wa pili, petroli: lita 40 kwa wiki. Kwa bei iliyokuwa ikichezea shilingi 3,000, hiyo ni 120,000. Karibu theluthi ya pesa ya maziwa inaungulia mtoni kabla hujanunua pumba, mashudu ya alizeti, dawa ya kuogesha, wala kumlipa kijana.

Watu wakisikia kubana maji kwenye ufugaji wa maziwa, mawazo hukimbilia bandani. Wanazungumzia pipa la kunyweshea, maji ya kuoshea sakafu, maji ya kusuuzia madumu. Tukapiga hesabu hiyo kwanza, tuimalize. Ng'ombe anayekamuliwa hunywa lita 60 hadi 80 kwa siku. Pamoja na mitamba, zizi zima la shangazi halivuki sana lita 500. Kuosha banda na vyombo ni kama lita 300. Jumla 800. Sasa njoo shambani. Milimita 1 ya maji juu ya ekari moja ni lita 4,000 na ushee. Kiangazi, jua na upepo wa Iringa huyanyang'anya matete milimita 4 hadi 5 kila siku. Ukishika 4.5, ekari 2 zinataka lita 36,000 kwa siku.

Bandani 800, shambani 36,000. Ng'ombe wa maziwa anakunywa shambani, kwa kupitia majani. Ukimbania pipa unajikata mwenyewe, maana maziwa karibu asilimia 87 ni maji, na mto hautajua kwamba umebana. Maji ya kuoshea banda yaelekezwe kwenye matete kwa ajili ya samadi iliyomo. Ni mbolea nzuri, lakini kama maji ni tone tu. Hayo ya bandani nikayaacha hapo.

Pipa la lita 200 na saa ya simu

Pampu yake ni ile ya petroli ya inchi 2, inavuta mtoni na kusukuma maji kwenye mpira wa bluu unaolala bapa usipokuwa na maji. Kwenye boksi yake pameandikwa lita nyingi kwa dakika kuliko zinazofika shambani. Hiyo namba ni ya pampu iliyokaa usawa wa maji bila mpira mrefu na bila mlima. Njia ya kujua ukweli ni pipa. Tuliburuta pipa la lita 200 hadi pale maji yanapoingilia matete, kijana akauelekeza mpira ndani, nami nikashika saa ya simu. Mara ya kwanza sekunde 51, ya pili 49, ya tatu 50. Basi ni lita 240 kwa dakika, ndiyo lita 4 kwa sekunde, ndiyo lita 14,400 kwa saa.

Tukarudi tukiufuata mpira hadi mtoni. Matundu yalikuwa saba, yamefungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, na kiungio kimoja katikati kimekazwa kwa waya. Hicho kiungio ndicho kilichonishtua. Chini yake palikuwa na kidimbwi kizuri, nyasi mbichi pembeni, vyura, na bata wa jirani wamehamia. Tukachimba kishimo, tukatega ndoo ya lita 10. Ilijaa kwa sekunde 25. Hizo ni lita 24 kwa dakika, sehemu moja ya kumi ya maji yote yanayofika kwenye matete, zinakwenda kwa bata. Klempu mbili na kipande cha mpira mzima vilimaliza hiyo kazi siku ileile, na pipa likawa linajaa kwa sekunde 46. Sikusema kitu kuhusu springila.

Halafu saa. Daftari linaonyesha siku nne kwa wiki, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, kwa muda wa saa kumi kila siku. Saa 40 mara lita 14,400 ni lita 576,000 kwa wiki. Mahitaji ya matete, lita 36,000 mara siku 7, ni 252,000. Kwa hiyo shangazi alikuwa akiweka shambani zaidi ya mara mbili ya kile ambacho majani yake yangeweza kunywa hata yakitaka.

Nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akanishika mkono akanipeleka mwisho wa mitaro. "Haya, hawa walioshiba ni wapi?" Matete ya huko yalikuwa yanafika magotini, majani yamejikunja kama sigara, na ilikuwa saa nne tu asubuhi.

Nondo

Mitaro yake ilikuwa na urefu wa mita 90, tangu mpira unapotemea hadi mpakani, kwenye udongo wa kichanga-tifutifu unaokunywa upesi. Niliichoma nondo mwanzoni mwa mtaro. Ikazama hadi mpini kama kisu kwenye kiazi kilichoiva. Mita 30 mbele, ikazama ila kwa kusukuma. Mita 60, ikagoma kwenye sentimita 45. Mkiani, sentimita 15 hadi 20, halafu ikagonga kama umegonga ubao. Nondo haipimi kitu cha kitaalamu sana. Inakwambia tu maji yalifika wapi, kwa kuwa udongo mbichi unapisha na mkavu haupishi. Kwa senti zake hakuna kifaa kinachoishinda.

Kisha tukachimba shimo la mita moja pale mwanzoni. Hapa shangazi mwenyewe alishuka, akavua kandambili. Mizizi ya matete ilijaa hadi kama sentimita 70, ikapungua, ikaisha. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, hauna mzizi hata mmoja, na ukiukamata ngumi maji yanatokeza kati ya vidole. Maji hayo yalinunuliwa kwa petroli yakapita mizizi yote bila kumpa ng'ombe kitu.

Jambo lililonichukua muda kumweleza ni kwa nini hata pale mwanzoni, kwenye maji tele, matete yalikuwa ya manjano. Ukiyaangalia kwa mbali manjano ni manjano, na mkulima akiona manjano kiangazi anaongeza maji. Lakini tulichuma majani ya pande zote mbili tukayalaza kwenye kiroba. Ya mkiani yamejikunja, bado kijani iliyofifia. Ya mwanzoni yamefunguka vizuri, ila majani ya chini, yale yaliyozeeka, yana umanjano unaoanzia nchani na kushuka katikati ya jani ukifuata mshipa. Hiyo ni njaa ya naitrojeni. Uria ikishageuka udongoni inakuwa chumvi inayoyeyuka na kwenda popote maji yaendapo, na maji ya shangazi yalikuwa yanakwenda chini ya mizizi kila wiki. Alikuwa anaweka mfuko wa uria na kuufukuza kwa pampu.

Kilomita chache tu kutoka pale, kwenye skimu ya Kiwere, wakulima wa mboga walishalijua hilo kwa macho yao. Kuanzia 2013 kulikuwa na mradi uliowapa vifaa viwili vilivyobuniwa Australia: Chameleon, chenye taa inayowaka buluu udongo ukiwa na maji mengi, kijani ukiwa sawa, nyekundu ukikauka, na FullStop, kama faneli inayofukiwa, ambayo kibendera chake huinuka maji yakiifikia kule chini. Watu waliokuwa wakimwagilia kwa mazoea walianza kuruka zamu kwa sababu taa bado buluu, na mazao hayakuanguka, mengi yaliongezeka, maana mbolea ilibaki pale mizizi ilipo. Mimi Chameleon sikuwa nacho. Nilikuwa na nondo, na kazi ya nondo ilikuwa kumfanya shangazi ajiulize swali lile la taa: udongo una maji au hauna?

Zamu

Sasa kwa nini mtu mwenye daftari safi hivyo, asiyepoteza hata shilingi ya chumvi, amwage maji hivyo? Nilidhani ni kutojua. Nilikosea, na yeye ndiye aliyenisahihisha. Mto ukipungua, jumuiya ya watumia maji hugawa siku za pampu, na zile siku nne ni zake. "Baba, siku yako usipowasha, wiki ijayo watasema huna haja nayo." Basi anawasha asubuhi na kuzima jioni, hata udongo ukiwa uji, kulinda zamu. Kijana wa kukamua naye analipwa kwa siku ya pampu. Hakuna mtu pale aliyekuwa na sababu ya kuizima mapema isipokuwa yule anayenunua petroli, na yeye anaogopa kupokonywa.

Nikasema tusiguse zamu kwanza. Tubadilishe shamba.

Springila tulizijadili kwa haki. Kuna jirani anazo kwenye vitunguu, akaturuhusu kutega makopo ishirini ya nyanya za kopo kuzunguka moja. Saa mbili asubuhi makopo yalijaa karibu sawasawa. Saa tisa alasiri, upepo wa Iringa umeamka, makopo ya upande upepo unakotoka yalikuwa makavu kabisa na ya upande wa pili yamefurika. Maji mengine hatukuyaona tena, yalikwenda na vumbi. Tena springila hutaka msukumo, na pampu ile ya inchi 2 ni ya kutoa maji mengi, msukumo wake mdogo. Ungeikamua ifanye kazi isiyo yake, na petroli ingepanda. Na matete yakishafika mita moja na nusu yanaizuia springila isirushe. Dripu, ile mipira ya matone, ndiyo sikuizungumza sana: kwenye majani yanayokatwa kwa panga mara kwa mara, mipira hiyo haitamaliza msimu. Kule New Zealand, Canterbury, malisho ya ng'ombe wa maziwa humwagiliwa kwa mitambo mirefu inayozunguka yenyewe shambani. Ni vizuri. Wana nyasi fupi, umeme, na ng'ombe mamia.

Tulichofanya kilikuwa jembe na mpira. Kila mtaro wa mita 90 ulikatwa mara mbili kwa tuta la kukinga, ukawa mitaro mitatu ya mita 30. Shangazi alinunua mpira mwingine wa bluu ili maji yaweze kutemwa sehemu tatu, badala ya kutoka juu tu. Maji yanapelekwa kwa nguvu kwenye mtaro mfupi, yanafika mwisho upesi kabla ya kuzama mwanzoni, yanakatwa, yanahamishiwa mwingine. Ile ndiyo siri yote ya mtaro mfupi: tofauti ya muda ambao udongo wa mwanzo na wa mwisho unakaa na maji inapungua.

Ratiba nayo tuliihesabu badala ya kuirithi. Udongo ule unaweza kushika kama milimita 110 zinazofaa kwa mmea katika kila mita ya kina. Mizizi ya matete iko kwenye sentimita 70, kwa hiyo ghala lake ni kama milimita 77. Ukikubali litumike nusu kabla ya kujaza, una milimita 38. Kwa matumizi ya 4.5 kwa siku, ni siku nane. Tukasema mara moja kwa wiki, na mwezi wa kumi jua likiwaka zaidi, siku sita. Kabla ya kuwasha, nondo ichomwe sehemu tatu. Uria iwekwe baada ya kukata majani, kidogokidogo, na maji ya siku hiyo yawe machache ya kuizamisha tu.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya. Kijana alikuwa anasahau kuhamisha mpira, tuta moja likakatika, maji yakaingia kwenye banda la kuku la jirani tukaomba radhi kwa trei la mayai. Shangazi aliniandikia ujumbe: "Hii kazi yako inataka watu wawili." Kweli inataka. Mtaro mrefu ulikuwa unamwagilia wenyewe wakati kijana amelala chini ya mti. Mitaro mifupi inamtaka asimame. Hiyo ni gharama, nayo naiandika, maana wauzaji wa vifaa na sisi wa jembe wote tuna tabia ya kuisahau.

Kufika katikati ya mwezi wa tisa saa za pampu zilikuwa zimeshuka hadi 22 kwa wiki. Kwa pipa la sekunde 46, hizo ni kama lita 344,000, dhidi ya 576,000 za mwanzo. Petroli lita 22, shilingi 66,000. Kila wiki 54,000 zinabaki mfukoni. Matete ya mkiani yalipanda hadi kiunoni kwa mkato mmoja. Ya mwanzoni yaliacha manjano bila mfuko wa uria kuongezwa.

Maziwa? Shangazi anawaambia watu yamepanda kutoka 54 hadi 63, na anasema ni matete. Mimi nilikuwepo. Ng'ombe mmoja alizaa mwezi wa tisa, na sehemu ya zile shilingi 54,000 iligeuka mashudu. Majani yamesaidia, sibishi, lakini siwezi kuyapa lita zote tisa, na anayenukuu kisa hiki naye asiyape.

Ekari ya tatu

Hapo ndipo nilidhani kisa kimeisha. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi akanipigia tena, ana furaha: kwa kuwa sasa maji yanabaki, anataka kupanda ekari ya tatu ya matete, na mtamba mmoja wa kununua ameshauona Ifunda.

Hili jambo ni gumu, na nakiri kwamba miaka kadhaa iliyopita ningempongeza. Maji yapi yamebaki? Zile lita zilizokuwa zikipita chini ya mizizi hazikupotea zote. Shamba liko kando ya mto. Sehemu yake ilikuwa inajipenyeza udongoni na kurudi mtoni taratibu, ikitumiwa na wakulima wa Pawaga huko chini kwenye mpunga. Kile ambacho mto haukipati tena ni kile kinachopaa hewani kupitia majani. Na majani ya shangazi sasa, kwa kuwa hadi ya mkiani yananywa, yanapandisha hewani zaidi kidogo kuliko zamani. Alichookoa kwa uhakika ni petroli na uria. Mto umepata nafuu ndogo kuliko daftari linavyoonyesha, na ekari ya tatu, kwa lita 126,000 kwa wiki, ingeila nafuu hiyo yote na kuongeza deni.

Si nadharia. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993, na tangu hapo watu wa Usangu, wanaolima mpunga juu ya mto huko Mbarali, wamelaumiwa, wakashauriwa kuboresha mifereji, wakaboresha, na mara nyingi maji yaliyookolewa kichwani mwa skimu yakalima majaruba mapya mkiani. Nimeyaona Mbarali kwa macho. Ruaha Mdogo ni tawi jingine, lakini maji yake nayo yanakwenda kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na kabla ya huko yana wenyewe kila baada ya kilomita.

Nilimwambia pia mambo mawili ya sheria, bila kumtisha. Kuvuta maji kwa pampu kunahitaji kibali cha kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ofisi yake iko hapohapo Iringa. Cha kwake ni cha ekari 2. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto. Ekari aliyoitaka ilikuwa inashukia kwenye mita 60 zenyewe. Akasema matete yanashika kingo. Yanashika, ndiyo, lakini yanayokatwa na kumwagiwa uria kila baada ya wiki sita ni habari nyingine.

"Kwa hiyo unaninyima mtamba," akasema.

Sikumnyima. Nilimwomba aangalie daftari upande wa masika. Mwezi wa pili na wa tatu matete yake yanamzidi, yanakomaa hadi yanakuwa miti, anawapa majirani bure. Mvua inayamwagilia, pampu imelala. Kisha mwezi wa kumi, mto ukiwa chini kabisa na jua kali kabisa, ndipo anapoyatafuta majani kwa petroli. Sileji, yaani majani mabichi yaliyokatwakatwa, yakashindiliwa shimoni na kufunikwa yachachuke bila hewa, ni kuihamisha mvua ya Machi. Ng'ombe 6 wakipewa kilo 20 kwa siku, juu ya majani mengine, kwa siku 90 ni kilo 10,800. Sileji iliyoshindiliwa vizuri ni kama kilo 500 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo shimo la mita 6 kwa 2.4, kina mita 1.5, linatosha. Akiwa nalo, Septemba hadi Novemba anaweza kuiacha ekari moja kati ya mbili ipumzike bila maji, na hizo kwa milimita 5 kwa siku ni lita 1,800,000 zisizovutwa. Ekari ya tatu ipandwe mahindi ya mvua, juu kule mbali na mto, kwa ajili ya shimo.

Alikubali nusu. Zamu ya Ijumaa aliipeleka mwenyewe kwenye mkutano wa jumuiya, kwa sharti kwamba iandikwe haijapotea. Nyanya za jirani zikaitaka papo hapo, mwingine akaitaka kwa vitunguu, kukawa na kelele kidogo. Mwisho katibu akaandika kwenye daftari: Ijumaa, pampu zote zipumzike. Akaandika kwa penseli. Mtu akamuuliza mbona si kalamu, akasema tuone kwanza.

Shimo lilichimbwa mwezi wa kumi na moja, kabla ulanzi, pombe ya mianzi, haujaanza kutoka na vijana kuadimika. Iringa ni mawe. Kwenye mita 1.1 sururu zikaanza kutoa cheche. Ni mwamba, upana wote. Kina hicho ni mita za ujazo 15.8, kilo 7,900, siku 66 badala ya 90. Nilipendekeza walipanue kwa upande, shangazi akaangalia malipo ya wachimbaji, akaangalia mawe, akasema basi.

Septemba na Oktoba mwakani zitakuwa za sileji. Novemba pampu itawashwa.